Kaburi la Mmoja Lisiwe Ngao ya Mwingine

Kidole kimoja hakivunji chawa, na rushwa haiwi na mtu mmoja. Yupo mtumishi anayeuza dhamana aliyokabidhiwa na umma, na yupo raia anayeinunua. Swali ni hili: je, mahakama maalum iliyoundwa kwa ajili ya watumishi ina mamlaka juu ya raia asiye na cheo?

Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, imelijibu. Katiba yake ya mwaka 1973 iliagiza iundwe mahakama maalum ya rushwa, nayo ikaundwa mwaka 1978 kwa jina la Sandiganbayan. Kwa sheria yake, raia anayeshtakiwa kwa kushirikiana na mtumishi anayehukumiwa huko, atahukumiwa huko huko pamoja naye. Busara yake ni dhahiri: kosa moja likikatwa vipande viwili, mashahidi wale wale watasumbuliwa mara mbili, na hukumu zaweza kupingana.

Na mtumishi akifa? Mwaka 1997 waziri wa uchukuzi wa nchi hiyo alitia saini mkataba wa jengo jipya la abiria katika uwanja wa ndege wa Manila. Mahakama ya Juu iliubatilisha mwaka 2003. Mkuu wa kampuni iliyohusika aliposhtakiwa kwa kula njama na waziri, waziri alikuwa amekwisha kufariki. Sandiganbayan ikaifuta kesi, ikisema haina mamlaka juu ya raia aliyebaki peke yake. Tarehe 25 Machi 2014 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo: kifo humwondolea marehemu mashtaka, lakini hakiifuti njama inayodaiwa. Raia huyo hakutiwa hatiani kwa uamuzi huo. Kilichoamuliwa ni kwamba kesi yake isikilizwe.

Sisi tunaona huo ndio uadilifu. Hata hivyo, mahakama maalum isigeuzwe rungu la kumpiga kila mfanyabiashara. Raia apelekwe huko pale tu anaposhtakiwa kwa kushirikiana na mtumishi, na ushirika huo uthibitishwe kwa ushahidi, si kwa uvumi wa barazani. Tena sheria ya Ufilipino ya mwaka 2015 imezipeleka kesi zisizozidi peso milioni moja katika mahakama za mikoa, nje ya eneo anakofanyia kazi mtumishi anayeshtakiwa, ili mkono wake usiwafikie waamuzi.

Watu wa visiwani hula na kuvaa kwa njia ya gati na kiwanja cha ndege. Mkataba mbovu wa bandari huonekana katika bei ya mchele. Kwa hiyo mtumishi anayeshika kalamu na tajiri anayemsogezea karatasi wafahamu kwamba kizimba chao ni kimoja, na mmoja akitangulia mbele ya Mungu, mwingine atabaki kujibu mbele ya wananchi.