Ekzosi haikai? Ibembeleze, usiivute!

Wiki hii tunainama kwenye pikipiki kongwe, zile zilizoanza kazi kwa baba mdogo, zikahamia kwa mjomba, na sasa zimetua kwako hata stika hazina. Ugonjwa wao sugu unajulikana: ekzosi haikai. Ukiifunga mbele, nyuma inagoma. Ukiifunga nyuma, mbele inavuja. Unakatiza mtaani na kelele kama mashine ya kusaga, halafu unajidai eti "chombo kina nguvu".

Nguvu ipi, mshikaji? Njombe mjini tupo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ndogo tayari inapanda milima kwa kuhema. Bomba linalovuja haliisaidii kitu. Ile milio ya "pwa! pwa!" ukiachia mafuta mteremkoni, mara nyingi ni hewa ya nje inayopenya panapovuja, inakutana na petroli ambayo haijaungua, inalipukia humo humo bombani. Sifa hapo hakuna. Tena moto ukitokea pembeni, anayeungua mguu ni abiria wako. Mrembo uliyempakia kwa mbwembwe akishuka na lengelenge, usitegemee atapokea simu yako tena.

Kwa nini ekzosi hazikai? Chukua mfano wa Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, ikapendwa kwa ugumu wake, na baadaye viwanda vya China vikatengeneza pikipiki nyingi kwa kufuata injini ile ile. Leo dukani unaambiwa "hii ya CG, inaingia". Sawa, inaingia, lakini kuingia si kukaa! Tundu la nyuma linaweza kupishana na fremu yako kwa upana wa kidole, na hapo ndipo kasheshe huanza.

Vijana wengi wa Njombe wakikwama hukimbilia Makambako. Siwalaumu. Pale ndipo barabara ya kwenda Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita, kwa hiyo spea hazikosekani. Lakini ni kama kilomita 60 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kabla hujatoa nauli, jaribu dawa za nyumbani.

Kwanza, subiri injini ipoe kabisa. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, kwani yanakuonyesha panapovuja. Kisha chokoa kwenye tundu la silinda hedi, pale bomba linapoanzia. Mara nyingi utakuta gasketi ya zamani imeganda humo kama ukoko wa wali, na fundi wa mwisho aliweka mpya juu yake. Gasketi mbili hazikai kiti kimoja! Itoe ya zamani taratibu, safisha kwa burashi ya waya, weka mpya moja, na uishike na grisi kidogo isidondoke. Gharama yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Kama yako ni pete ya shaba tupu, unaweza kuipasha moto hadi iwe nyekundu, ukaipoza kwenye maji. Inalainika na kufanya kazi tena.

Nati zikiwa na kutu, usizikomalie. Zipake dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, ziache zilale usiku mzima. Asubuhi fungua kidogo, rudisha kidogo, fungua tena. Studi ikikatikia ndani ya hedi ya aluminiamu, utalipia kuitoboa na kuitengenezea meno upya, na hapo ndipo utajua tofauti ya haraka na hasara.

Pili, na hapa ndipo siri ilipo, rudisha ekzosi kwa mkono bila spana. Nati zote, za mbele na za nyuma, zishike kwa vidole tu, bomba likicheza cheza lijitafutie mahali pake. Ukiona limetulia, kaza za mbele kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Ya nyuma iwe ya mwisho.

Kama nyuma bado pana mwanya wa pembeni, jaza kwa washa. Kama matundu yamepishana milimita chache, tanua tundu kwa tupa. Kama yamepishana sana, mwambie fundi akukatie kipande cha flati baa, atoboe matundu mawili, kiwe daraja kati ya bomba na fremu. Usithubutu kulivuta bomba kwa nguvu ya bolti! Chuma kilichovutwa hakisahau. Kitatetemeka na injini kila siku, na siku moja kwenye vumbi la kijijini kitapasuka au kitang'oka na studi.

Na bomba likiwa jembamba kuliko mdomo wa sailensa? Tafuta kopo la chuma la nyanya au maziwa, kata ukanda, uzungushie bomba, chomeka, kisha bana na klipu ya chuma. Kopo la soda liache, ni laini mno.

Ikibidi kuchomelea, tangi la petroli litoke kwanza na betri ichomolewe. Fundi aishike kwa pointi mbili tatu ikiwa imefungwa mahali pake, kisha aivue akamalizie pembeni. Akichomelea ikiwa chini tangu mwanzo, itarudi imepinda. Na kiraka kisiwe bati la kuezekea, kwa sababu rangi yake ya zinki ikiungua inatoa moshi wa sumu.

Wenye zile zinazochoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha DT za zamani, msikate wala kufupisha bomba. Umbo lile la tumbo limepimwa, linarudisha mafuta kwenye silinda. Ukilikata, unakata na nguvu.

Ikishindikana kabisa, ndiyo uende Makambako, ila beba ekzosi ya zamani mkononi. Usitaje jina la pikipiki tu. Zilaze mbili juu ya meza ya muuzaji, linganisha matundu na mkunjo, ndipo utoe hela.

Mwisho, neno la baridi. Juni na Julai huku kwetu wapo wanaoiwasha pikipiki chumbani asubuhi, mlango umefungwa, eti ipate joto. Acheni! Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akidhani anasinzia. Bomba linalovuja au zima, injini iwashwe nje.

Ukimaliza yote, zungusha mtaa mmoja, iache ipoe, kisha kaza nati tena kidogo. Ukipita kijiweni washikaji wasigeuke kukutazama, ujue kazi imekubali.