Dengu Si Chakula cha Aibu

Watu wetu wa pwani wana desturi moja ambayo leo nataka kuisema wazi, ingawa najua wako watakaonikasirikia. Tunaipima heshima ya nyumba kwa nyama iliyomo chunguni. Mgeni akiandaliwa biriani au kuku wa kupaka, huondoka akisifu. Akiandaliwa dengu na wali mweupe, hushukuru kwa mdomo, na moyoni husema kuwa mwenyeji wake amefilisika. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo mpaka yaliponipata yaliyonipata hapa Ogembo.

Kwa wasiopajua, Ogembo ni mji mdogo wa Kisii, kule milimani, kwenye barabara itokayo Kisii mjini kwenda Kilgoris. Zamani ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha. Ni nchi ya majani chai, migomba na mvua, na mvua ya huku huja alasiri, mara nyingine pamoja na mawe. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kazi ndiyo iliyonileta. Waislamu tupo, lakini si wengi, na nyama ambayo mchinjaji wake namjua huifuata Kisii mjini mara moja kwa juma, nikaiweka katika friza.

Usiku mmoja shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alibisha hodi bila ya taarifa. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na nyama yote tulikuwa tumeitupa asubuhi. Mvua ilikuwa ikinyesha kama iliyotumwa. Nilichukua mwavuli nitoke nikatafute kuku na mtu wa kumchinja. Mke wangu akanizuia mlangoni, akaniambia, "Bwana, rudi uketi uzungumze na mgeni. Mgeni ni ndugu yangu, na jiko ni langu."

Haikupita saa moja sinia likaja: wali mweupe, mchuzi wa dengu nyekundu uliokuwa ukinukia bizari na thomu, viazi vikavu vilivyokaangwa kwa manjano na pilipili, na kisahani cha achari ya ndimu. Shemeji alikula, akaongeza, akakikomba kibakuli cha mchuzi kwa kidole. Mimi nilikula huku nimeinamisha kichwa kwa haya.

Baada ya mwezi mmoja nilikwenda Mombasa arusini. Nikiwa barazani nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "Maskini, bara kumemchakaza. Siku hizi nyumbani kwake mgeni hupewa dengu." Sikugeuka. Lakini nilirudi Ogembo na uchungu, nikakopa fedha nikanunua mbuzi wawili wa kufuga, ili mgeni mwingine akifika asipate la kusema. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Na deni hili atalilipa nani, mgeni au watoto?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoanza kufikiri.

CHUNGU CHA JIRANI

Mapishi yale mke wangu hakuyatoa kitabuni. Aliyapata utotoni katika Mji wa Kale, kwa jirani yao, bibi mmoja wa Kihindi asiyekula nyama maisha yake yote. Nyumba mbili zile zilikuwa zikipelekeana sahani. Kila alasiri bibi yule alikuwa akipika kutoka katika madebe yake: debe la mchele, la unga, la dengu, la pojo, na kisanduku cha viungo. Sokoni alikwenda kwa ajili ya mboga tu. Mgeni mmoja akija, au kumi, alilolifanya lilikuwa ni kuzidisha kipimo.

Sisi tuna methali isemayo, Mbaya Baniani, kiatu chake dawa. Ni methali ya kejeli, na mimi siipendi, kwani inamtukana mtu huku inamwomba. Lakini naona inatueleza vizuri katika jambo hili. Kwa Wahindi tumechukua bajia, chapati, achari, kachumbari, hata neno lenyewe duka. Tulichokiacha ni kile kilicho na manufaa zaidi, yaani chakula chao cha kila siku cha nyumbani. Tukayachukua ya karamu, ya kila siku tukayadharau.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Aliandika kuwa Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vyake, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Kuhusu watu wa Mombasa aliandika kuwa chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Haya, bwana wa barazani! Wazee wako walikula ndizi kama wanavyokula Wakisii, na Ibn Battuta hakuandika kuwa wamechakaa. Msafiri huyo huyo alipofika Bara Hindi, ambako alifanywa kadhi, aliwaona watu wakipika mchele pamoja na pojo, wakaula kwa samli asubuhi. Wahindi mpaka leo wanaupika na kuuita khichdi. Alichokula kadhi hakiwezi kukuaibisha wewe na mimi.

Huku bara nako, chungu hicho kilifika kwa njia ya reli na maduka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Waliofungua maduka bara wengi wao ni watu wengine, kutoka Gujarati na Kutch, kama Allidina Visram, aliyefika Zanzibar mwaka wa 1863 akiwa kijana, na ambaye maduka yake yalienea mpaka Uganda. Mwenye duka dogo la bara alikaa nyuma ya duka lake. Nyama hakuna, soko ni mara moja kwa juma, mvua imekata njia. Basi mkewe alipika kilichokuwa rafuni: mchele, unga, dengu, vitunguu, viungo. Hali hiyo ndiyo hali yangu Ogembo. Mwaka wa 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Chungu chao kilikuwa kimetambuliwa zamani. Leo hakuna sikukuu ya Kikisii isiyo na chapati.

MADEBE NA FRIZA

Sasa nieleze kwa vitendo, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Kwanza jihadhari na majina. Huku ukiitisha ndengu utapewa pojo. Dengu nyekundu huitwa kamande. Mimi nilirudi nyumbani na pojo mara mbili kabla ya kulijua hilo.

Dengu nyekundu ndizo za haraka kuliko zote, kwa kuwa hazihitaji kurowekwa. Kikombe kimoja cha dengu kwa vikombe vitatu vya maji, na nusu kijiko kidogo cha manjano, huiva kwa muda wa nusu saa hivi. Chumvi hutiwa mwisho. Siri yote iko katika kuunga. Pasha samli moto katika kikaango kidogo, tia bizari nyembamba. Ikianza kurukaruka tia kitunguu, na kikiwa chekundu tia thomu na pilipili kavu. Mimina vyote juu ya dengu vikiwa bado vinalia, kisha funika papo hapo ili harufu isitoroke. Kamua ndimu wakati wa kupakua.

Dengu kubwa, zile ambazo unga wake hupikiwa bajia, zina taabu kidogo. Huku milimani maji huchemka kabla ya kufikia joto la maji ya pwani, kwa hivyo nafaka ngumu hukawia kuiva na makaa huisha. Mke wangu huziroweka usiku kucha, akachemsha nyingi kwa mara moja, akazigawa katika mifuko midogo na kuzitia katika friza. Siku ya haja hutolewa mfuko mmoja, ukatiwa katika mchuzi wa nyanya na tangawizi, na chakula kikawa tayari. Ndani ya friza hiyo hiyo mna njegere, nazi iliyokunwa inayoletwa kutoka pwani, na thomu na tangawizi zilizopondwa pamoja. Umeme ukikatika tena, vitu hivyo tunavipika siku hiyo hiyo, na majirani wakala nasi. Hasara ya njegere si hasara ya nyama.

Liko na jambo kubwa zaidi kwa Mwislamu aliye ugenini. Dengu haina mchinjaji. Mtu anayekaa mahali ambapo nyama ya halali ni ya kufuatwa mbali hupata wasiwasi kila siku: hii imechinjwa na nani, na kwa jina la nani? Wengine huchoka kuuliza, wakala tu. Chungu cha dengu humwondolea mtu shaka hiyo. Nayo humpa nafasi ya kumwalika jirani yeyote, Mkristo au Mhindi asiyekula nyama, wakala sinia moja bila ya mtu kujizuia.

YASEMWAYO NA WAPINZANI

Rafiki yangu mmoja, mtu wa elimu, alinipinga kwa Suratul Baqara. Alisema kuwa Bani Israili walilaumiwa walipomwomba Nabii Musa dengu na vitunguu badala ya manna na salwa. Basi vipi mimi nazisifu dengu? Nilimjibu kwa ufahamu wangu mdogo. Wale walilaumiwa kwa kuidharau neema waliyokuwa nayo, wakatamani wasichopewa. Na mimi hapa Ogembo nimepewa dengu na vitunguu. Nikizidharau na kutamani biriani ya mkopo, ni nani aliye karibu na lawama, mimi au chungu changu?

Wengine watasema kuwa naivunja mila ya kumkirimu mgeni. Hapana. Siku ya arusi na ipikwe biriani, Idi na achinjwe mbuzi, mwenye uwezo na atoe. Ninachokipinga ni kumlazimisha asiye na uwezo akope ili tule. Ukarimu wa deni humla mwenye nyumba baada ya mgeni kwisha kula. Nazijua nyumba za pwani ambazo mwezi wa Ramadhani, mwezi wa kupunguza, ndio mwezi wa madeni makubwa kuliko yote ya mwaka, kwa sababu ya futari inayoshindana na futari ya jirani. Na nimesikia vijana wanaohofia kuwaalika wazazi wao kwao mpaka mshahara utoke. Mzazi anakosa kumwona mjukuu wake kwa ajili ya kilo mbili za nyama! Hilo si jambo la jikoni tena. Ni kukata udugu.

Wakisii jirani zetu wametufundisha pia. Mama mmoja wa hapa hula obokima, yaani ugali wa wimbi, kwa chinsaga, ambayo sisi huiita mgagani, na humkaribisha mgeni kwa mboga hiyo bila ya kuomba radhi. Yeye na mke wangu wamebadilishana mapishi. Yeye sasa huunga kunde zake kwa bizari nyembamba. Kwetu ndizi mbichi hupikwa ndani ya mchuzi wa dengu, na watoto huzigombania. Ukila chakula hicho huwezi kusema kimetoka Gujarati, au Kisii, au Mji wa Kale.

Mbuzi wangu wawili niliwauza, nikalipa deni. Mwezi wa Shaabani uliopita shemeji yangu alikuja tena, safari hii kwa taarifa, nami nikawa tayari kumnunulia kuku wawili. Alipoingia ndani, kabla hajavua viatu, aliita upande wa jikoni, "Dada, zile dengu za siku ile zipo?" Mke wangu akanitazama, wala hakusema neno. Nami nikakaa kimya, kwa kuwa miezi yote ile nilidhani ni yeye aliyepeleka maneno barazani, kumbe alikuwa amezisifu, na wengine ndio waliozigeuza sifa zikawa aibu.

Kwa hivyo nawaomba ndugu zangu wa pwani, mlioko huko na mlioko ugenini kama mimi: jazeni madebe kabla ya kujaza daftari la madeni. Na mgeni ukiandaliwa dengu, usihesabu kilichokosekana katika sinia. Mhesabu aliyeamka usiku wa mvua akawasha moto kwa ajili yako.