Tamasha Hupita, Nyumba Hubaki
Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti utalii wa maeneo yao. Basi Kaunti ya Lamu inapogharimia tamasha la utamaduni, mashindano ya majahazi na mbio za punda, haitufanyii hisani, inatekeleza wajibu.

Hatuyapingi matamasha. Siku hizo nahodha hupata abiria na mama mpishi hupata wateja. Lakini tamasha ni la siku chache, na mgeni huja kuuona mji wenyewe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001: nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, milango ya nakshi, vichochoro vyembamba. Nyumba nyingi kati ya hizo ni za familia, na kuzikarabati ni gharama. Mjane asiyeweza kuziba paa linalovuja huishia kuuza, na wanawe wakawa wapangaji katika mji wa babu zao.

Ndipo twauliza: katika bajeti ya utalii, fungu la chokaa na boriti li wapi? Kifungu cha 196 cha Katiba hulitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Tuhudhurie vikao hivyo, akina baba na akina mama, tuulize kwa adabu na tudai jibu. Mali ya umma ni amana, na amana ina hesabu, duniani na akhera.