FEZA YA WAGONJWA INAENDA WAPI?



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo kila mutu analinung'unikia nyumbani mwake, lakini mbele ya wakubwa tunanyamaza: wizi katika lopitalo.

Mwenzetu mumoja, anayefanya kazi chini ya udongo, alipeleka mutoto wake mwenye malaria katika lopitalo moja ya muji. Wakamwambia: «Dawa imekwisha. Nenda kwa mutu yule anayekaa karibu na mulango, yeye anayo.» Akaenda, akanunua kwa bei kali. Juu ya sanduku palikuwa pameandikwa kwamba dawa ile haiuzwi. Mwisho wa mwezi karatasi ya deni ikafika katika biro yetu: dawa ile ile, mutoto amepewa, kompani ilipe. Na kompani ikalipa. Mutoto alipona, asante kwa Mungu, lakini baba yake angali na deni. Sisi makarani tulipiga muhuri juu ya karatasi ile bila kuuliza neno. Basi tujihukumu sisi kwanza.

Tusizani kwamba wadogo tu ndio wanaoiba. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ugonjwa wa Ebola uliotangazwa mwezi wa 8, 2018, ulidumu mpaka mwezi wa 6, 2020. Watu 2.287 walikufa. Mwezi wa 3 wa mwaka ule wa 2020, korti kubwa ya Kinshasa ilimuhukumu Oly Ilunga, waziri wa zamani wa afya, pamoja na mushauri wake wa feza, miaka 5 ya kazi ngumu, kwa kula zaidi ya dola 400.000 zilizotolewa kwa kupigana na Ebola. Yeye alikana.

Wengine watatuambia: «Wanganga hawalipwi, wale nini?» Neno hili ni la kweli. Wanganga wengi wa inchi hii hawapati mushahara wa serkali, wanaishi kwa feza ya wagonjwa. Serkali iwalipe, na sisi tutasimama pamoja nao kuidai. Lakini mwenye njaa asimunyang'anye mugonjwa. Na mama aliyezaa asifungiwe katika lopitalo kama mufungwa kwa sababu ya deni. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inasema kwamba haki ya afya inalindwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza: bei zote zibandikwe mulangoni, katika Kiswahili, ili kila mutu azisome. La pili: hakuna feza bila risiti, anayetaka matabishi, jina lake lipelekwe kwa wajumbe wa sindika. La tatu: kabla kompani haijalipa, karatasi ya deni isomwe mbele ya mufanyakazi mwenyewe, aseme kama dawa aliipata kweli. Jambo hili la tatu linatuhusu sisi makarani, nasi tunaweza kulianza mwezi huu bila kungoja Kinshasa.

Wazee wetu walidai uhuru, wakaupata tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Hawakuudai ili Mukongo auze dawa ya bure kwa Mukongo mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu, mwezi huu ombeni kuona karatasi zenu. Sisi tutawaonyesha.