Maktaba ya Skripti na Njia ya Ujumbe

Wanafunzi wa kompyuta aghalabu hufundishwa maneno ya amri pasipo kuelezwa ni nani anayeitikia amri hizo. Madhara ya upungufu huo yalidhihirika katika HyperCard, programu iliyobuniwa na Bill Atkinson na kutolewa na kampuni ya Apple mwaka 1987. Uuzaji wake ulikoma mwaka 2004, lakini funzo lake halijachakaa.

Katika HyperCard, habari zilihifadhiwa katika kadi, na kadi zikapangwa katika mabunda. Kitufe kilipobonyezwa, ujumbe ulipelekwa kwanza kwa kitufe chenyewe. Iwapo skripti ya kitufe haikuwa na jibu, ujumbe ulipanda hadi kwenye kadi, kisha mandhari ya kadi, kisha bunda, kisha Bunda la Nyumbani, na mwishowe HyperCard yenyewe. Ndivyo liendavyo shauri la ukoo: huanzia nyumbani, na likishindikana hupelekwa kwa wazee. Aliyejibu alilimaliza, isipokuwa ameagiza lisonge mbele.

Toleo la 2, la mwaka 1990, liliruhusu bunda jingine kuingizwa katika njia hiyo, baada ya bunda linalotumika na kabla ya Bunda la Nyumbani. Hiyo ndiyo maktaba ya pamoja. Tuseme mwalimu ana mabunda 10 ya alama, na kila moja lina nakala ya skripti ya kupanga madaraja. Mipaka ya madaraja ikibadilika, hana budi kusahihisha mara 10. Akisahau nakala moja, mwanafunzi atapewa daraja lisilo lake. Skripti ikikaa katika maktaba, sahihisho ni moja tu.

Yawezekana kudhani kwamba maktaba ingalifaa kuwekwa mwanzoni mwa njia, isipingwe na yeyote. Dhana hiyo si sahihi. Kwa kuwa maktaba hukaa nyuma, bunda lenye haja ya pekee, mathalani la mtihani wa vitendo, huweza kujibu kwa namna yake.

Lakini uhuru huo una hatari. Nakala ya zamani yenye jina lile lile ikibaki katika bunda, hiyo ndiyo itakayojibu. Maktaba haitaulizwa, wala hakutakuwa na onyo lolote. Kwa hiyo yafaa nakala za zamani zifutwe, na skripti za maktaba zipewe majina yasiyofanana na mengine. Zaidi ya hayo, yampasa mwalimu awazoeze wanafunzi kuchora njia ya ujumbe karatasini kabla ya kuandika amri ya kwanza.