Senti za Wafuaji Nguo



Katika ukumbi wetu wa wiki hii tumeonelea tuzungumze juu ya mali ya akina mama: namna inavyochangwa, inavyolindwa, na inakokwenda baada ya kuchangwa. Mazungumzo haya tutayajenga juu ya habari za mwanamke mmoja mweusi wa Marekani, Bibi Maggie Lena Walker. Hakuwa wa dini yetu, lakini muumini huiokota hekima popote aionapo, na aliyoyatenda bibi huyu yana mafunzo kwa kila nyumba ambayo mama huamka alfajiri kupika mahamri ili karo ya watoto ipatikane.

Maggie alizaliwa mwaka 1864 mjini Richmond, katika jimbo la Virginia. Mama yake alikuwa amezaliwa utumwani. Baba wa kambo alipofariki, mama akashika kazi ya kuwafulia Wazungu nguo, na binti ndiye aliyezichukua na kuzirejesha kwa wenyewe.

Watu weusi wa zama hizo walifanya kazi na walikuwa na nia ya kuweka akiba. Kilichowasumbua ni mahali pa kuiweka. Mwaka 1865 ilianzishwa benki kwa ajili ya walioachwa huru; ikaanguka mwaka 1874, na maelfu ya watu wakapotelewa na jasho lao. Kwa hiyo wengi walitegemea vyama vya kusaidiana, ambavyo mwanachama hutoa mchango mdogo ili auguzwe akiugua na azikwe kwa heshima akifa. Ni vyama vya jamaa moja na hivi vyetu vya mazishi. Maggie aliingia katika chama kimojawapo, Independent Order of St. Luke, angali msichana. Mwaka 1899 alikabidhiwa ukatibu mkuu wake, na hazina aliyoikuta haikuzidi dola 32, huku madeni yakiizidi mara nyingi.

Mwaka 1901 aliwaeleza wanachama kwamba kuzikana peke yake hakutoshi. Alitaka chama kiwe na gazeti, benki na duka. Gazeti lilitoka mwaka 1902. Benki ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1903, ikaitwa St. Luke Penny Savings Bank, yaani benki ya kuweka akiba ya senti, na siku hiyo ya kwanza ilipokea zaidi ya dola 9,000. Bibi Walker akawa rais wake, mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo kuanzisha benki na kuiongoza. Wafuaji nguo walikuwa miongoni mwa walioweka fedha zao humo, na watoto nao wakafunzwa kudunduliza. Kufikia mwaka 1920 benki hiyo ilikuwa imesaidia ununuzi wa nyumba zipatazo 600.

Hapa yatupasa tuseme jambo kwa uwazi. Benki ile ilikopesha kwa riba, na kwetu sisi mlango huo umefungwa. Lakini kufungwa kwa mlango wa riba si kufungwa kwa mlango wa biashara. Ipo karadha njema, mkopaji akarudisha kile kile alichokopa. Upo ushirika wa mudharaba, mmoja akatoa mtaji na mwingine akatoa kazi, na faida wakaigawa kwa mafungu waliyopatana tangu mwanzo. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alituma misafara yake ya biashara kwa mapatano ya aina hii. Na hapa kwetu Kenya, tangu mwaka 2008 zimekuwapo benki zinazofuata sharia.

Tulitazame sasa duka, kwani ndilo lenye funzo zito zaidi. Lilifunguliwa mwaka 1905, likauza nguo na vyombo, likaajiri wasichana weusi ambao katika maduka ya Wazungu wasingepewa nafasi ya kuuza. Wafanyabiashara Wazungu walilipiga vita, wakawashinikiza wauzaji wa jumla wasilipelekee bidhaa. Hata hivyo, si hao peke yao waliolidhoofisha. Wateja weusi wengi waliendelea kununua katika maduka yale yale yaliyowadharau. Mwaka 1906 Bibi Walker aliufananisha ubaguzi na simba, akawaambia watu wake kwamba wao wenyewe ndio wanaomlisha kwa fedha zao. Miaka michache baadaye duka lilifungwa.

Tazameni basi: wanachama wale wale, kiongozi yule yule, benki ikasimama na duka likaanguka. Senti ukishaiweka benki imetulia. Duka lataka uamuzi mpya kila siku: niende kwa jirani yangu au nipite mlango wake?

Vyama vyetu vya akina mama huchanga kwa uaminifu mkubwa. Lakini zamu ikimfikia mtu, fedha huelekea wapi? Mara nyingi hazilali mtaani. Dada anayeshona yuko nyumba ya tatu, nasi twanunua nguo zilizoshonwa ng'ambo. Na tukienda kwake, twataka tukopeshwe, kisha twakawia kulipa kwa kuwa ni mwenzetu. Huko ni kumuua kwa mkono wa mapenzi. Naye mwenye duka ana wajibu wake: mizani ya haki, ahadi ya kweli, na kazi safi, asitegemee udugu uzibe ila za bidhaa.

Jambo la mwisho ni amana. Mwaka 1910 benki ya chama kingine cha watu weusi, hapo hapo Richmond, ilianguka kwa mikopo isiyo na dhamana na wizi wa ndani. Ile ya Bibi Walker ikatenganishwa na chama chake, ikaendelea. Mwaka 1930, katika siku za mdororo mkubwa wa uchumi, iliungana na nyingine na kudumu, naye akiwa mwenyekiti wa bodi ilhali ameshapooza miguu. Alifariki mwaka 1934.

Tunawausia basi akina mama: daftari la chama lisomwe mbele ya wote, mfuko wa chama usichanganywe na mkoba wa mweka hazina, na kila mwezi sehemu ya matumizi ya nyumba ipelekwe kwa mwanamke mwenzenu anayefanya biashara, tena kwa fedha taslimu.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na ailinde mikono yetu na khiana. Amin.