Anayetusomea kitabu asitukimbize

Mimi ni mwalimu hapa Muhuta, kando ya Ziwa Tanganyika, na nakiri mapema kwamba vitabu vingi nilivyomaliza miaka ya karibuni sikuvisoma kwa macho. Nimesomewa na simu, waya sikioni, nikitembea kutoka shuleni kwenda nyumbani. Walimu wenzangu wanasema huko si kusoma. Hawajui nilikotoka.

Nilizaliwa na kusomeshwa Mishamo, Tanzania, katika makazi yaliyofunguliwa 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Darasani kitabu kimoja kiligawanywa kwa watoto watano au sita, hivyo mwenye sauti alisoma na sisi wengine tukatega masikio. Jioni redio ya baba ilituletea kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, Deborah Mwenda akisimulia. Ninavyomkumbuka, yule mama hakuwa na haraka. Tulikuwa tukisogea hadi magoti yagonge redio.

Tuliporudi Burundi 2008 nilikuwa na Kiswahili tele, Kirundi cha nyumbani na Kifaransa sifuri, na huku madarasa ya juu yanafundishwa kwa Kifaransa. Wanafunzi walinicheka waziwazi. Kilichoniokoa baadaye ni LibriVox, mradi ulioanza 2005, ambamo watu wa kujitolea husoma bure vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Mara nyingine kitabu kimoja husomwa na watu kadhaa: sura hii mwanamke, inayofuata mzee mwenye kikohozi. Nilimpenda yule mzee. Hakuigiza sauti ya mtu yeyote, lakini ulijua nani anasema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekielewa anachokisoma.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Kina mama wanaoanika ndagala hapa ufukweni wana simulizi kwenye memori kadi, nyingi zimesomwa na vijana wa Dar es Salaam na kuwekwa YouTube. Wanazipenda, na siwalaumu. Kazi ya kugeuza ndagala juani ni ndefu. Mama yangu, ambaye macho yamemwishia, aliazimwa moja na jirani. Baada ya dakika kumi akaniita. "Mwanangu, huyu anakimbizwa na nani?" Muziki wa filamu ulikuwa ukipiga chini kwa chini, na kila mwanamke katika hadithi alisemea puani.

Hayo yanavumilika. Linalonitia wasiwasi ni sauti za kompyuta, ambazo sasa zinasoma hadithi bila mtu yeyote nyuma yake. Niliwachezea wanafunzi moja, yenye fundi aliyefunga mlango barabara. Neno hilo, likiwa na maana ya sawasawa, mkazo wake hukaa mapema. Likiwa njia ya magari, hukaa karibu na mwisho. Mashine ikasoma njia ya magari. Mimi nilicheka. Wiki iliyofuata mtoto mmoja akasimama kusoma, akalitamka vilevile kama mashine, na hakuna aliyecheka.

Ndipo nilipoacha kuliona jambo hili kama starehe yangu ya njiani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na Kiswahili ni somo shuleni. Lakini mtoto yule nyumbani hana kitabu hata kimoja. Sauti ya kwenye simu ndiyo kitabu chake, na ndiyo mwalimu wake pia.

Kwa hiyo naziomba redio zetu za mikoani nusu saa tu kwa wiki, mtu asome kitabu cha Kiswahili polepole, bila ngoma chini. Asiogope lafudhi ya huku ziwani. Akichanganya l na r kidogo, mtoto atasamehe; asipoelewa anachosoma, hapo hakuna dawa.

Nimejaribu mwenyewe. Nilirekodi hadithi fupi kwa simu, binti yangu akasikiliza, akasema, "Baba, unasoma kama unaita majina darasani." Alisema kweli. Nikairudia mara tatu. Ya tatu niliirekodi alfajiri, na injini ya mtumbwi unaorudi inasikika ndani yake tangu mwanzo. Nimeiacha hivyo hivyo. Mama aliisikiliza yote, kisha akanisahihisha jina la ndege mmoja.